Kano Hukumbuka: Kwa Nini Mwili Haunyooshwi Mara Moja

"Daktari, mbona msiinyooshe leo leo, tukaenda nyumbani?"

Aliyeuliza alikuwa mama mkwe wa dada yangu, kwenye kliniki moja hapa Kisumu. Alikuwa amempakata mjukuu wa wiki tatu, aliyezaliwa nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani. Walikuwa wameelezwa kwamba mtoto atafungwa plasta, wiki ijayo ivuliwe afungwe nyingine, kisha nyingine, tano au sita kwa jumla. Kwa mtu anayepanda matatu kutoka Ahero kila safari, hesabu hiyo ni nzito. Daktari alimjibu kwa upole, akimwita bibi kwa Kijaluo: "Dani, miguu hii inataka muda."

Jibu lilikuwa sahihi, ila fupi mno. Mimi hufundisha mekanika chuoni, na siku ile nilirudi nyumbani nikijua kwamba ndani ya maneno yale machache kuna kazi ya karibu miaka 200 ya watu waliojaribu kuandika kwa hesabu kile ambacho ngozi, kano (kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa; moja huitwa ukano), gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) na misuli hufanya vikivutwa. Ugumu wote unatokana na neno hilo moja, muda. Ukiniuliza waya wa chuma utarefuka kiasi gani ukining'inizwa kilo kumi, nitakupa jibu moja. Ukiniuliza hivyo kuhusu ukano, itabidi nikuulize kwanza: kwa muda gani? Uliuvuta haraka au polepole? Na kabla ya hapo ulikuwa umeufanya nini?

Tuanze jikoni. Aliyewahi kupika chapati anajua kwamba ukikanda unga wa ngano na kuanza kusukuma papo hapo, donge linapigana nawe: unalitandaza, linarudi. Ndiyo sababu tunalifunika kwa kitambaa na kuliacha nusu saa. Baadaye donge lile lile linatandaa na kutulia. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Nyuzi za gluteni zilizovutwa wakati wa kukanda zimepata nafasi ya kuteleza na kujipanga upya, na mkazo uliokuwa umejifungia ndani umelegea. Sasa chukua kipande cha donge hilo ukivute kwa ghafla: kinakatika. Kivute taratibu: kinarefuka kama uzi.

Mwili una tabia hizo hizo. Ukivuta ukano hadi urefu fulani na kuushikilia hapo, nguvu unayohitaji kuushikilia inapungua dakika hadi dakika, ingawa urefu haujabadilika. Huko ndiko kulegea kwa mkazo. Ukifanya kinyume, yaani ukauning'inizia mzigo usiobadilika, ukano unarefuka mara moja, kisha unaendelea kurefuka kidogo kidogo. Ukiuvuta na kuuachia, njia ya kurudi haifanani na ya kwenda. Sehemu ya nguvu uliyoweka hairudi, imegeuka joto. Na ukiuvuta kwa kasi zaidi, unakuwa mgumu zaidi.

Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili vizuri hakuwa hata akichunguza mwili. Mwaka 1835 Wilhelm Weber, mwanafizikia wa Göttingen, Ujerumani, alikuwa akitumia nyuzi za hariri kuning'iniza vyombo vyake vya kupimia usumaku. Aligundua kwamba uzi ukipewa mzigo hurefuka papo hapo, halafu huendelea kurefuka polepole. Mzigo ukiondolewa, hurudi sehemu kubwa mara moja na sehemu iliyobaki kwa kusitasita. Kanuni ya Robert Hooke ya 1678, kwamba kurefuka kunalingana na nguvu, haikuwa na nafasi ya kusitasita huko. Kanuni ya Newton kuhusu mnato wa vimiminika, yaani jinsi vinavyokataa kutiririka, haikutosha vilevile, kwa sababu asali ikishamiminika hairudi kwenye mtungi. Hariri ilikuwa na tabia za pande zote mbili.

Njia rahisi ya kuziunganisha pande hizo unaweza kuiona kwa mafundi wa pikipiki karibu na soko la Kibuye. Angalia shoki ya nyuma ya boda boda, ambayo wengine huiita shokomzoba. Nje kuna springi. Ndani kuna silinda yenye oili na pistoni yenye matundu madogo. Springi inajali umeisukuma umbali gani, na oili inajali unaisukuma kwa kasi gani. Ukiikandamiza taratibu, oili inapita kwenye matundu bila ubishi. Ukiipiga ghafla, oili haina wakati wa kupita, na shoki inakuwa ngumu kama jiwe. Oili ikivuja, pikipiki inarukaruka kila shimo, maana imebaki springi peke yake.

Wanasayansi walichukua vipande hivyo viwili na kuvipanga kwa namna tofauti. Ukiviweka sambamba, kama vilivyo kwenye boda boda, unapata modeli inayobeba majina ya Kelvin na Voigt. Hiyo inaeleza vizuri kurefuka polepole chini ya mzigo: oili inazuia, springi inaweka mpaka. Lakini ukiishikilia kwenye urefu mmoja hailegei kamwe, kwa kuwa springi haichoki na oili iliyotulia haina la kusema. Ukivifunga kwa kufuatana, springi kisha silinda, unapata modeli ya James Clerk Maxwell ya mwaka 1867. Hii inalegea. Ukiivuta ghafla springi inachukua mvuto wote, halafu silinda inasogea taratibu na kuipunguzia springi kazi.

Kasi ya kulegea huko hupimwa kwa namba moja, mnato ukigawanywa kwa ugumu wa springi, na jibu lake ni muda. Tuseme muda huo ni sekunde 10. Baada ya sekunde 10 mkazo uliobaki ni asilimia 37 ya ule wa mwanzo. Baada ya 20 ni kama asilimia 14. Baada ya 30 ni asilimia 5. Kisha unaelekea sifuri, na hapo ndipo Maxwell anapotuacha njiani, kwa sababu ukano wa kweli haulegei hadi sifuri. Ungekuwa hivyo, mtu angesimama kwenye foleni ya benki hadi kano zake ziishe nguvu. Dawa yake ni kuongeza springi ya pili kando ya modeli ya Maxwell, ibaki ikibeba sehemu isiyolegea. Wanafunzi wangu wengi hufika hapo na kudhani kazi imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu modeli hiyo ina muda mmoja tu. Tishu laini haina muda mmoja. Ukipima ukano ulioshikiliwa, utaona ukilegea kati ya sekunde ya kwanza na ya kumi, ukilegea kiasi kinachokaribiana na hicho kati ya ya 10 na ya 100, na tena kati ya ya 100 na ya 1,000. Ni kana kwamba ndani yake kuna shoki nyingi, nyingine zikijibu kwa kufumba na kufumbua na nyingine zikingoja saa nzima.

Hapa anaingia mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii. Yuan-Cheng Fung alizaliwa China mwaka 1919 na alijijengea jina Marekani katika uhandisi wa ndege, akichunguza jinsi mabawa yanavyotetemeka. Miaka ya 1960 aliacha yote hayo akageukia mwili wa kiumbe hai. Alianza na kitu ambacho kila aliyesafisha matumbo ya mbuzi amekishika: ule utando mwembamba unaoshikilia matumbo, ila yeye alitumia wa sungura. Alipouvuta aliona kwamba mwanzoni unakubali kwa urahisi mno, kisha ugumu wake unapanda kwa kasi kadiri unavyovutwa. Kwenye kano sababu yake inaonekana kwa hadubini: nyuzi za kolajeni, protini inayoipa kano nguvu yake, zimekaa kwa mawimbi, kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Asilimia 2 hivi za mwanzo za kurefuka ni kunyoosha mawimbi tu. Ni baada ya hapo nyuzi zenyewe zinapoanza kuvutwa.

Kwa hiyo Fung alikuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja, ugumu usiofuata mstari ulionyooka na muda mwingi badala ya mmoja. Alichofanya ni kuyatenganisha. Alisema: tuchukue mkazo ambao tishu ingetoa kama ingevutwa papo hapo, na tuuzidishe kwa kipimo cha kulegea kinachotegemea muda peke yake. Badala ya shoki moja, aliweka mfululizo wa shoki zisizohesabika zenye muda kati ya mpaka wa chini na mpaka wa juu. Hilo lilieleza pia jambo lililokuwa likisumbua: nguvu inayopotea kila tishu inapovutwa na kuachiwa haibadiliki sana hata kasi ikiongezwa mara elfu moja. Shoki moja ingepoteza nguvu nyingi kwenye kasi yake pendwa na karibu kutopoteza chochote kwingineko.

Lakini vipi tishu iliyovutwa kidogo, ikaachiwa, ikavutwa tena? Hapo Fung aliegemea wazo la Ludwig Boltzmann la mwaka 1874, ambalo mimi hulieleza kwa daftari la deni la dukani. Kila mara unapoivuta tishu, mwenye duka anaandika mstari. Deni la leo ni zito. La juzi limefifia. La mwezi jana limebaki alama tu. Mkazo wa sasa hivi ni jumla ya mistari yote, kila mmoja kwa kiasi ulichofifia. Ndiyo maana nasema kano hukumbuka. Huwezi kujua hali ya ukano kwa kuangalia urefu wake wa leo bila kufungua daftari lake. Watafiti wa maabara wanalijua hili vyema: kabla ya kupima, huivuta na kuiachia tishu mara kadhaa hadi majibu yafanane, yaani daftari lilipe deni la zamani ambalo hawakuliandika wao.

Kompyuta hapa hupata shida, kwani kujumlisha daftari zima katika kila hatua ni kazi kubwa na daftari linazidi kunenepa. Ujanja unaotumika ni kuandika kufifia huko kama jumla ya vipande vichache vinavyopungua kwa uwiano, kila kimoja na muda wake. Kipande cha aina hiyo hakihitaji kurasa za zamani. Unachukua salio la hatua iliyopita, unalizidisha kwa sehemu ileile, unaongeza kilichotokea sasa, basi. Mwenye duka anabeba salio mbele na kuchana ukurasa. Programu kama FEBio, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Utah na ambayo watafiti huipata bila malipo, hufanya hivyo kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida. Mwanafunzi wa Maseno au Egerton anaweza kuiga goti zima akiwa chumbani kwake, na ningependa wengi zaidi wajaribu.

Kazi ya Fung ina kasoro yake. Inadhani mwendo wa kulegea ni uleule iwe umeivuta tishu kidogo au sana. Mwaka 1997 watafiti wa Calgary, Kanada, walipima ligamenti (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa) za goti la sungura, wakatumia vipimo vya kulegea kubashiri zingerefuka kiasi gani chini ya mzigo. Ligamenti zilirefuka kidogo kuliko zilivyobashiriwa. Sababu waliyoitoa inanipendeza sana. Fikiria watu wa ufuo wa Dunga wakivuta boti nchi kavu kwa kamba. Mzigo ukiwa juu ya ligamenti na ligamenti ikizidi kurefuka, nyuzi ambazo bado zilikuwa na mawimbi zinanyooka na kujiunga na wavutaji. Mzigo unagawanywa kwa wengi zaidi, na kurefuka kunapungua. Ukishikilia urefu, hakuna mtu mpya anayeikaribia kamba. Hesabu isiyojua idadi ya wavutaji inabadilika haiwezi kuyapata mambo hayo mawili kwa pamoja. Modeli zilizokuja baadaye zimeachia mwendo wa kulegea utegemee kiasi cha kuvutwa, kwa gharama ya namba nyingi zaidi za kutafuta maabara.

Gegedu lina hadithi nyingine kabisa, na ni hadithi ya maji. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wa gegedu la kwenye viungo ni maji. Ukilikandamiza, sehemu kubwa ya kuchelewa kwake haitokani na nyuzi kuteleza bali na maji kutafuta njia ya kutoka kwenye vitundu vidogo mno. Mwaka 1980 Van Mow na wenzake, huko Marekani, waliliandika gegedu kama vitu viwili vilivyochanganyika, kiunzi kigumu na kimiminika, kila kimoja na hesabu yake. Ukoo wa wazo hilo una asili yake ardhini. Maurice Biot, mwaka 1941, alikuwa ametoa hesabu za udongo wa mfinyanzi unavyotitia chini ya jengo, maji yakibanwa nje mwaka baada ya mwaka. Aliyejenga nyumba kwenye udongo mzito wa Uwanda wa Kano na aliye na goti linalouma wanahusiana kwa hesabu kuliko wanavyodhani. (Ndiyo, uwanda huo na kano za mwili ni jina moja. Kwa wanafunzi wangu wa hapa Kisumu lazima nilitaje hilo kabla halijatajwa nao.)

Utajuaje kama kuchelewa ni kwa maji au ni kwa nyuzi? Badilisha unene. Nyuzi zinazoteleza hazijui kipande kina unene gani. Maji yanajua: njia ya kutoka ikiwa ndefu mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Aliyewahi kukamua leso na kukamua blanketi anaelewa.

Uti wa mgongo hufanya jaribio hili kwa kila mmoja wetu kila siku. Diski zilizo kati ya pingili zimejaa maji, na uzito wa mwili huyabana nje polepole tangu tunaposimama asubuhi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1985 vilionyesha kwamba mtu hupoteza karibu asilimia 1 ya kimo chake kwa siku, na zaidi ya nusu ya upungufu huo hutokea katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Mama anayebeba gunia la omena kichwani asubuhi hadi sokoni, jioni huwa mfupi kwa kitu kama sentimita moja na nusu. Usiku akilala, maji yanafyonzwa tena, na asubuhi amerudi.

Kasi inabadilisha kila kitu, na hapa nawakumbuka wakimbiaji. Faith Kipyegon, aliyekulia Keringet katika kaunti ya Nakuru, alikimbia mita 1,500 mjini Paris mwezi Julai 2024 kwa dakika 3 na sekunde 49.04. Kwa mwendo kama huo mguu unagusa ardhi kwa muda usiofika sehemu mbili za kumi ya sekunde. Katika muda huo shoki za polepole ndani ya ukano wa kisigino hazipati nafasi hata ya kuanza, na ukano unakuwa karibu springi tupu: sehemu tisa kati ya kumi hivi za nguvu iliyowekwa zinarudi. Ukano huohuo ukivutwa kwa nusu saa ya mazoezi ya kujinyoosha unaonyesha upande wake wa asali.

Marcus Reiner, mhandisi aliyefanya kazi Haifa, mwaka 1964 alipendekeza namba ya kulipima jambo hili: muda wa kulegea wa kitu, ukigawanywa kwa muda unaotumia kukitazama. Aliipa jina la Debora, nabii wa kitabu cha Waamuzi, kwa sababu ya wimbo wake wa sura ya tano unaosema kuhusu milima kutiririka mbele za Bwana. Kwa macho ya binadamu mlima hautiririki. Kwa Mungu, mwenye muda usio na mwisho, unatiririka. Nimewahi kuisoma sura hiyo darasani, na sioni aibu kusema kwamba ni maelezo mazuri kuliko mchoro wowote ninaouchora ubaoni.

Sasa turudi kwenye swali la Dani. Mifupa mingi ya wayo wa mtoto mchanga bado ni gegedu. Ukiusukuma kwa nguvu siku moja, ligamenti zinazouvuta kwa ndani zinakuwa ngumu kwa sababu ya kasi, na kinachoumia ni gegedu lililo laini. Mtindo wa Ignacio Ponseti, daktari wa Iowa, Marekani, ni kuusogeza wayo taratibu hadi pale unapokubali kwa siku hiyo, kisha kuufunga plasta. Ndani ya plasta urefu umeshikiliwa, na mkazo unalegea, kama donge chini ya kitambaa. Baada ya wiki kuna nafasi ya kusogea tena.

Ila hapa modeli zote nilizozieleza zinafika ukingoni, maana zinachukulia tishu kama kitu kisicho na uhai. Kulegea kwa nyuzi na maji huchukua dakika na saa. Wiki ni kazi ya seli. Zinakata kolajeni ya zamani na kufuma mpya, na ile mpya inafumwa kwa urefu mpya. Nyuzi mpya hazilijui daftari la zilizotangulia. Mwaka 2002 Humphrey na Rajagopal walitoa namna ya kuandika hilo kwa hesabu, kila kizazi cha nyuzi kikihesabiwa tangu siku kilipofumwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi kubwa ya sasa ilipo.

Ukano mmoja hukataa. Ule wa kisigino una nyuzi nene zilizobanana, zenye mawimbi kidogo, na plasta haitoshi kuurefusha. Kwa watoto wengi daktari huukata kwa kisu kidogo, akafunga plasta ya mwisho kwa wiki tatu hivi, na ukano hujiunga ukiwa mrefu. Mjukuu wa Dani alifanyiwa hivyo baada ya plasta ya sita. Kisha akapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, avivae karibu siku nzima kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi afike miaka minne.

Dani alivipokea, akavipindua, akajaribu kamba zake moja moja. Kisha akamuuliza daktari mtoto akikojoa usiku vinavuliwaje bila kumwamsha.